Ufa Ndio Mali

Pale Newala, mahali panapoitwa Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla miguuni pako. Uwanda wa Makonde umekoma. Chini kabisa limelala bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Uwanda uliosimama juu yake ni mchanga na mawe laini ya mchanga, tabaka juu ya tabaka. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza. Maji yanashuka taratibu mpaka yatokeze kwenye chemchemi za mabondeni. Ndiyo maana kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka genge asubuhi na kulipanda tena na maji kichwani. Ndiyo maana pia mradi wa maji wa Makonde huyasukuma maji kupanda mlima kutoka vyanzo vya Mitema, bondeni Kitangari.

Teremka sasa uelekee Masasi. Mchanga unakuacha njiani, na vilima vya mawe vinaanza kujitokeza, kila kimoja peke yake katikati ya tambarare, migongo yao mitupu iking'aa baada ya mvua. Chini ya kilima cha Mtandi ndipo Askofu Edward Steere alipowaleta watumwa waliokombolewa mwaka 1876, wakaanza maisha mapya kwenye kivuli cha jiwe. Miaka ishirini baadaye mjiolojia Mjerumani, Wilhelm Bornhardt, alizunguka nchi hizi kati ya 1895 na 1897. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 aliviita vilima vya namna hii visiwa, kwa sababu vinasimama kwenye tambarare kama visiwa baharini. Hadi leo wajiolojia wa dunia nzima, wakikuta kilima cha jiwe cha mviringo, iwe Brazili au Australia, hukiita kwa jina la Bornhardt.

Visiwa hivyo vina mizizi. Jiwe la Mtandi halikuwekwa juu ya ardhi. Ni kichwa cha mwamba uleule uliotandaa chini ya mashamba ya korosho, chini ya barabara, chini ya mji. Ni mwamba uliopikwa na kukandamizwa kilomita nyingi chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mpaka madini yake yakapangika kwa mistari ya weupe na weusi. Wataalamu huuita naisi. Ni mwamba wa fuwele: punje zake zimeshikana bila kuacha nafasi hata ya tone. Huo mwamba, na mafundi wanaoutoboa, ndio ninaotaka kuwasifu hapa.

Wahenga walituambia tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Kwa mwenye nyumba, ufa ni hasara inayokuja. Kwa mchimba kisima wa Masasi mambo ni kinyume. Mwamba mzima, usio na doa, kwake ni bure kabisa: unaweza kuutoboa mita mia moja ukatoa vumbi kavu tu. Anachokitafuta, anachokilipia dizeli na usingizi, ni mahali jiwe lilipovunjika. Ufa upana wa kidole unaweza kulisha kijiji. Kazi yake yote, tangu siku ya kupima hadi siku ya kufunga pampu, ni kuutafuta ufa asioweza kuuona.

Kazi hiyo huanza kwa macho. Mtaalamu anayejua kazi yake hashushi vyombo mara tu anapofika. Hutazama kwanza picha za anga, akitafuta mistari iliyonyooka kupita kawaida: kijito kinachokata kona kali kisha kwenda moja kwa moja, au safu ya miti iliyostawi wakati mingine imepukutika. Maumbile hayapendi mstari ulionyooka bila sababu, na mara nyingi sababu ni ufa mkubwa ulio chini. Kisha hutembea. Mkuyu uliosimama kijani katikati ya kiangazi humfanya asimame. Huwauliza wazee kisima gani cha kienyeji hukauka mwisho.

Ndipo vyombo hushushwa. Vigingi vinne vya chuma hupigiliwa ardhini kwenye mstari mmoja. Vile viwili vya nje hupitisha umeme ardhini. Viwili vya ndani hupima jinsi ardhi inavyoukinza. Vigingi vya nje vinaposogezwa mbali zaidi, umeme huzama zaidi, na kipimo huanza kusimulia habari za kina kirefu. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu huupitisha umeme kwa urahisi. Mwamba mzima huuzuia. Kati ya hayo mawili kuna eneo la mwamba uliooza na kuvunjika, nalo ndilo lenye riziki.

Lakini vipimo vina hila zake. Mfinyanzi nao hubeba umeme vizuri, na mfinyanzi hautoi maji. Unayashika tu kama bahili. Mtu asiye na uzoefu huona namba ndogo akashangilia, kumbe atachimba kwenye matope. Fundi mzoefu husoma umbo zima la mchoro: unaposhuka, unapolala, unaposita kabla ya kupanda. Kusita huko kudogo ndiko kunakomwambia kwamba kati ya udongo na jiwe zima kuna tabaka la changarawe na nyufa.

Siku ya kuchimba, mtambo hufika ukiwa kwenye lori, na nyuma yake kompresa. Wageni hudhani mashine hiyo hutoboa jiwe kama keekee ya seremala. Kwenye mwamba wa fuwele njia hiyo ingemaliza biti kabla ya chakula cha mchana. Kinachofanya kazi ni nyundo. Iko chini kabisa, mwishoni mwa fimbo za chuma, inasukumwa na hewa ya kompresa, inapiga zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, huku fimbo zikiizungusha polepole ili kila pigo lianguke mahali papya. Usoni biti ina vinundu vya chuma kigumu mno. Havikati, vinaponda. Hewa ileile inayoendesha nyundo hurudi juu ikibeba jiwe lililogeuka vumbi na chenga.

Hapo ndipo utamjua fundi. Akiulemeza mzigo kupita kiasi, vinundu vinavunjika na shimo linapinda. Akiulegeza, nyundo inarukaruka na kujipiga yenyewe. Kati ya hayo kuna uzito ulio sahihi, nao hubadilika kila mwamba unapobadilika. Geji zipo mbele yake, lakini ukimtazama utaona mkono mmoja umelala kwenye chuma cha mtambo, na kichwa kimeinama kidogo. Anasikiliza. Mwamba mzima una mlio mkavu, wa haraka, ulio sawasawa. Ukikaribia ufa mlio unakuwa mzito, fimbo inatikisika, kisha kwa sekunde moja chuma kinashuka kama mtu aliyekosa ngazi. Mkono wake tayari umeshavuta wenzo.

Kuna adabu ndogondogo ambazo mtazamaji hawezi kuziona. Biti inapotumika huliwa ubavuni, kwa hiyo shimo linazidi kuwa jembamba kadiri linavyokwenda chini, kwa kiasi ambacho jicho halikitambui. Fundi akifunga biti mpya nene na kuishusha kwenye shimo lililochimbwa na biti iliyochakaa, itanasa, na pamoja nayo nyundo na kazi ya siku nzima. Kwa hiyo hupima biti zake na kuzipanga: nene hutangulia, iliyochakaa hufuata. Ni hekima ya fundi nguo anayepima mara mbili kabla ya kukata.

Pembeni ya mtambo kuna kazi tulivu ninayoipenda kuliko zote. Kijana amechuchumaa na chekeche. Kila mita moja anakinga chenga zinazotoka, anaziosha, anazimwaga chini kwenye rundo dogo, kisha rundo linalofuata kando yake. Mchana ukifika kuna safu ya marundo sitini au zaidi, na safu hiyo ndiyo kisima chenyewe kimelazwa juani. Ukitembea kandokando yake unateremka ardhini bila kuinama. Mwanzoni ni udongo mwekundu. Kisha rangi ya kahawia iliyofifia, ambamo chenga bado zinavunjika kwa vidole. Kisha kijivu na weupe: chenga kali, ulanga ukimetameta kama magamba ya samaki. Hilo ni jiwe zima.

Halafu katikati ya kijivu, rundo moja lina madoa ya kutu. Kijana anaokota chenga moja, anaigeuza, anaona upande mmoja ni mpya, uliovunjwa na biti dakika hii, na upande wa pili una ngozi ya rangi ya chungwa. Ngozi hiyo haikufanyika leo. Ni chuma kilichomo ndani ya jiwe kilichokutana na maji yenye hewa, mwaka baada ya mwaka. Maji yalipita hapo. Chenga ndogo kuliko ukucha imetoa ushahidi wa ufa ulio mita arobaini chini. Mtaalamu anaandika kwenye karatasi: kina, rangi, mwendo wa biti. Kina mama waliokaa chini ya mkorosho tangu asubuhi wanauliza, "Fundi, yapo?" Naye, kwa kuwa anaiheshimu kazi yake, anajibu, "Tusubiri kidogo, mama."

Maji yakipatikana, vumbi hukatika, matope hutoka, kisha ukungu, kisha mvua inayoruka kutoka ardhini. Watu hupiga vigelegele. Fundi bado hajashangilia, kwa sababu kisima hakijawa kisima. Ni shimo lenye maji. Sehemu ya juu yenye udongo itabomoka isipozuiwa, kwa hiyo mabomba hushushwa, yenye matundu membamba pale tu karatasi ilipoonyesha nyufa. Changarawe safi humiminwa kuyazunguka, na juu yake saruji, ili maji machafu ya juu yasiteremke. Kisha kisima hupulizwa kwa hewa masaa kadhaa mpaka maji yawe meupe, kwa kuwa vumbi la biti lenyewe limeziba zile nyufa zilizotafutwa kwa taabu. Mwisho huja jaribio la kusukuma: maji huvutwa kwa kiasi kilekile saa baada ya saa, huku usiku na mchana mtu akipima uso wa maji unavyoshuka. Pampu ikizimwa hupima unavyopanda, na kupanda huko ndiko kunakosema kweli. Ufa uliounganika na nyufa nyingine hurudisha maji haraka. Ufa uliojifungia peke yake hutoa kwa fahari siku ya kwanza, kisha hukauka.

Ufundi huu una historia hapa. Mwaka 1977 kampuni ya Finnwater kutoka Finlandi ilikamilisha mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Mtwara na Lindi, na kwa miaka iliyofuata Wafini na Watanzania walichimba visima vijijini na kuvifunga pampu za mkono za Nira. Haikuwa ajabu Wafini kuelewa mawe ya Masasi. Nchi yao yenyewe imekaa juu ya mwamba wa fuwele, mkongwe kuliko wetu, na wao pia wamezoea kutafuta maji kwenye nyufa.

Na ni kwao ambako ufundi huu uliombwa jambo kubwa zaidi. Kwenye mwamba wa namna hii kuna kitu kingine cha kutafuta mbali na maji: joto. Ndani ya graniti na naisi kuna chembe za urani, thori na potasi zinazovunjika polepole tangu mwamba ulipozaliwa, na kila inayovunjika huacha joto kidogo. Joto lingine hupanda kutoka tumbo la dunia. Mtafiti Andrew Nyblade na wenzake walichapisha mwaka 1990 vipimo vya joto hilo mashariki na kusini mwa Afrika, vilivyokusanywa kwa kushusha vipimajoto visimani na migodini. Kwenye ukanda wa miamba ambao Masasi ni sehemu yake, wastani ulikuwa miliwati 47 kwa kila mita ya mraba. Kwenye mwamba mkongwe zaidi wa kati na kaskazini mwa Tanzania, 34. Ni kidogo mno. Joto lote linalopanda kwenye uwanja mzima wa mpira lingewasha taa tatu za wati mia moja, si zaidi. Lakini hayo ni mapato tu. Ghala ni jambo jingine. Kilomita moja ya ujazo ya mwamba, ikipoozwa kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hutoa takriban kilowati-saa milioni 600. Mapato ni ya maskini, ghala ni la sultani.

Kulipima joto hilo kunadai uvumilivu wa aina yake. Mara baada ya kuchimba, kisima kinadanganya: nyundo imeupasha mwamba, hewa ya kompresa imeupooza, maji yamevurugika. Mpimaji lazima aondoke, aache siku zipite, wiki zipite, na kwa visima virefu miezi, mpaka mwamba usahau kwamba uliguswa. Akirudi, hushusha kipimajoto polepole, na husoma kikiwa kinashuka, kamwe si kikipanda, kwa kuwa chombo chenyewe hukoroga maji kinakopita. Mita za mwanzo zinasimulia msimu: kipupwe cha Julai, ukali wa Novemba. Baada ya mita ishirini hivi, misimu inanyamaza. Kuanzia hapo joto hupanda taratibu, na kwenye mwamba kama wa Masasi, kwa kipimo cha miliwati 47, hesabu huleta nyuzi 17 hivi kwa kilomita. Mstari ukivunjika ghafla mahali fulani, mpimaji anajua kuna maji yanayopita hapo. Hata kipimajoto, kumbe, kinatafuta ufa.

Wafini walitoboa kisima cha utafiti cha mita 2,516 huko Outokumpu mwaka 2004 na 2005. Chini kabisa walikuta nyuzi 40. Kisha huko Otaniemi, mjini Espoo, kampuni ya St1 ikachimba hadi kilomita 6.4, kwa kutumia pamoja na njia nyingine nyundo za hewa na za maji, ndugu wa nyundo inayogonga Masasi. Chini walikuta joto la nyuzi 120 hivi. Lakini mwamba ulikuwa umekaza. Ili maji yapite kutoka kisima kimoja hadi cha pili yakibeba joto, ilibidi nyufa zifunguliwe kwa shinikizo.

Kufungua ufa chini ya mji si jambo la mchezo. Basel, Uswisi, kazi kama hiyo ilileta tetemeko la ukubwa wa 3.4 mwaka 2006 ikasimamishwa. Pohang, Korea Kusini, tetemeko la 5.5 la mwaka 2017 lilihusishwa na kisima cha joto. Kwa hiyo Otaniemi, mwaka 2018, walisukuma maji mita za ujazo 18,160 kwa siku 49 huku vipima mtetemo vilivyozikwa visimani vikisikiliza kila mlio wa mwamba, na taa tatu za makubaliano kama za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu acha. Nyekundu iliwekwa kwenye 2.1. Tetemeko kubwa kuliko yote lilikuwa 1.9. Ukilisoma hilo unamwona yuleyule fundi wa Masasi, mkono juu ya chuma, kichwa kimeinama, isipokuwa sikio lake sasa limefika kilomita sita chini.

Hata hivyo, maji hayakupita kwa wingi wa kutosha, na mradi ule haukufikia biashara iliyotarajiwa. Joto lilikuwepo, ufa haukutosha. Huko Olkaria, Kenya, ambako bonde la ufa lenyewe limeshaupasua mwamba na kuleta mvuke karibu, umeme wa jotoardhi umetoka tangu 1981. Kampuni yetu ya taifa ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, nayo inaelekeza nguvu zake kwenye volkano za Mbeya, kama Ngozi. Ni busara: anza pale ardhi ilipojipasua yenyewe.

Masasi na Newala hazina volkano. Lakini tuangalie hesabu bila kukata tamaa. Espoo huanza na ardhi ya baridi. Sisi tunaanza na ardhi ya nyuzi 25 hivi. Kwa nyuzi 17 kwa kilomita, joto la nyuzi 70, lile la kukaushia kiini cha korosho kabla ya kumenywa ngozi yake, liko zaidi kidogo ya kilomita mbili na nusu chini ya miguu ya wabanguaji. Leo kulifikia ni ghali kuliko kuni na jua. Ila ujuzi wa kulifikia unaanzia kwenye visima vya mita sitini ambavyo tayari tunavichimba, na jambo ninaloomba ni dogo: kabla pampu haijafungwa, kisima kipewe muda kitulie, kisha kipimajoto kishushwe na namba ziandikwe kwenye karatasi ileile ya chenga. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ina visima; vyuo vina vijana. Gharama ni waya, kipimajoto na subira.

Kila mwenyeji wa vijiji hivi amewahi kulishika joto hilo bila kulipa jina. Alfajiri ya Julai, upepo ukikata masikio, mtoto anayenawa uso kwa maji ya pampu hustuka kwa kuwa ni vuguvugu. Sehemu kubwa ya uvuguvugu huo ni jua la mwaka mzima lililowekwa akiba ardhini. Lakini kwenye kisima cha mita sitini, kama nyuzi moja imepanda kutoka chini, kwenye mwamba uliopikwa kabla mnyama yeyote hajatembea nchi kavu. Imepitia ufa ambao kijana mwenye chekeche aliutambua kwa doa la kutu.